Mwalimu wa nchi nne na vyeti vyake vya polisi

Tarehe 8 Oktoba 2007 polisi wa kimataifa, Interpol, walifanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kabla yake: waliianika hadharani sura ya mtu wasiyemjua jina, wakaiomba dunia nzima iwatajie. Mtu huyo alikuwa ameonekana mtandaoni katika picha akiwanajisi watoto wa kiume nchini Vietnam na Kambodia, uso wake ukiwa umevurugwa kwa kompyuta kama uji unaokorogwa. Wataalamu wa polisi wa Ujerumani ndio walioufumbua. Hazikupita wiki mbili. Tarehe 19 mwezi huohuo polisi wa Thailand walimtia mbaroni Christopher Paul Neil, raia wa Kanada, katika mkoa wa Nakhon Ratchasima. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na siku chache tu kabla ya hapo alikuwa bado Korea Kusini, akifundisha.

Wakorea walipigwa na butwaa, kisha wakapandwa na hasira. Kabla mwaka haujaisha serikali yao iliamua kwamba kila mgeni anayeomba viza ya E-2, ile ya walimu wa lugha, sharti alete cheti cha polisi wa kwao na apimwe afya. Mwanzoni Mmarekani aliweza kuleta cheti cha jimbo lake. Baadaye wakubwa wa uhamiaji wakatanabahi kwamba mtu anaweza kufanya maovu Texas akaja na karatasi safi ya Ohio, wakataka cheti cha taifa zima kutoka FBI, na juu yake muhuri unaotambulika kimataifa. Katika vipimo vya afya walichomeka na cha virusi vya UKIMWI, ambacho walimu wenyeji hawakulazimishwa. Mwalimu mmoja kutoka New Zealand alikataa kupimwa mara ya pili, akanyimwa mkataba mpya, akapeleka malalamiko yake kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi. Mwaka 2015 kamati ikampa haki, na 2017 Korea ikakifuta kipimo hicho kwa walimu wa lugha. Cheti cha polisi kilibaki palepale, na kwa maoni yangu kilistahili kubaki. Mzazi ana haki ya kujua ni nani anayefungiwa chumba kimoja na mwanawe.

Tatizo si kuombwa cheti. Tatizo ni kwamba sheria hizi zinamwazia mwalimu aliyezaliwa, akasoma na kuishi nchi moja, kisha siku moja akapanda ndege. Walimu wa namna hiyo wanazidi kuwa wachache, na miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wanaofundisha ughaibuni ni wachache zaidi.

Maana walimu wetu wako huko, na si wa juzi. Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu miaka ya 1960, na Seoul, katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, tangu miaka ya 1980. Kila mwaka Wakenya na Watanzania huenda Marekani kwa mpango wa Fulbright kusaidia kufundisha Kiswahili vyuoni. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kuwa somo la hiari katika shule zake. Ongeza Wakenya na Waganda wanaofundisha hisabati na sayansi katika shule za Ghuba. Korea yenyewe, kwa somo la Kiingereza, hutoa E-2 kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu utotoni hadi shahada ya uzamili hayumo. Mwanawe aliyezaliwa Minnesota, ambaye pengine hajawahi kusimama mbele ya ubao, yumo. Hilo lina makala yake ya siku nyingine.

Tuchukue mfano wa mwalimu mmoja, wa kufikirika lakini si wa ajabu. Amezaliwa Tanga. Amesoma shahada ya uzamili Marekani miaka miwili, akafundisha Dubai miaka mitatu, na sasa ana miaka miwili Bangkok. Shule moja ya Uingereza imempa kazi. Uingereza, tangu Aprili 2017, inamtaka mtu anayeomba viza ya kazi ya ualimu alete cheti cha polisi cha kila nchi aliyoishi kwa jumla ya miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, tangu alipotimiza miaka 18. Neno la kuangalia hapo ni jumla. Likizo ya miezi mitatu kwa dada yako aliyeolewa Muscat, ikirudiwa mara nne, imeshakuwa mwaka. Mwalimu wetu anahitaji vyeti vinne, na mkononi hana hata kimoja.

Cha Bangkok ndicho chepesi, kwa sababu anaishi hapo. Polisi wa Thailand wana kituo maalumu cha vyeti hivi mjini. Anakwenda na pasi yake na kibali cha kazi, anatia vidole, anasubiri. Cha Dubai kingekuwa chepesi zaidi ya hicho laiti angekiomba kabla hajaondoka. Mwenye kitambulisho hai cha Falme za Kiarabu huomba kwa simu yake. Kitambulisho kikishafutwa, mlango wa simu umefungwa, na sasa inabidi achapishe vidole kwenye kadi huko aliko, kadi ithibitishwe na ubalozi wa Falme za Kiarabu, ndipo iende. Karatasi ileile ambayo ingepatikana mtu amekaa sebuleni inadai safari, foleni na posta.

Cha Marekani kina mambo yake, na ndicho kinachowakwaza wengi, kwa hiyo tukae nacho kidogo. FBI hutoa taarifa ya kumbukumbu za mtu kwa ada ya dola 18, na ombi huenda kwenye kituo chao cha Clarksburg, jimbo la West Virginia. Yapo makampuni binafsi yaliyoidhinishwa kuharakisha kazi hiyo, na matangazo yao yako kila mahali, lakini yanaruhusiwa kuwahudumia raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu peke yao. Aliyekwenda kusoma kwa viza ya mwanafunzi akarudi zake hayumo. Hata akilipa, atarudishiwa. Njia yake ni kuomba moja kwa moja FBI na kutuma kadi ya vidole kwa posta.

Na hapo kwenye vidole ndipo penye kazi. Vidole vyote kumi vinazungushwa kwa wino, ukucha hadi ukucha, kisha vinagandamizwa kwa pamoja. Ofisa asiyezoea huweka wino mwingi, mistari ikajaa, au huburuta kidole, alama ikapakaa. Ngozi kavu nayo inasumbua, na mtu aliyeshika chaki miaka ishirini anajua ngozi kavu ni nini. Kadi isiyosomeka hurudishwa, na wewe unaanza upya, ada ukalipe tena. Walioonja adha hii hujaza kadi mbili au tatu kwa mkupuo mmoja na kuzituma zote katika bahasha moja, ili mchunguzi apate pa kuchagua.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui mpaka liwafike: kumbukumbu za FBI hazina hukumu peke yake, zina na kukamatwa. Mwanafunzi aliyesimamishwa na askari usiku akapelekwa kituoni akachukuliwa vidole, kesho yake akaachiwa bila mashtaka, anaweza kuukuta usiku ule umeandikwa miaka kumi baadaye, kama polisi au mahakama ya huko haikuwahi kupeleka taarifa kwamba jambo liliishia hapo. Dawa yake ipo, nayo ni kuipata karatasi ya mahakama inayoonyesha mwisho wa kesi na kuiomba FBI irekebishe kumbukumbu, jambo ambalo halitozwi ada. Lakini dawa hiyo inataka muda, na mwalimu mwenye tarehe ya kuanza muhula hana muda. Kwa hiyo aliyewahi kuguswa na polisi Marekani, hata kwa jambo dogo, asisubiri shule imwandikie barua ndipo aangalie jalada lake.

Waingereza wana mtindo wao. Cheti cha polisi kwa wanaokwenda nje hutolewa na ofisi iitwayo ACRO. Mtu ambaye hajawahi kuandikwa popote cheti chake husema hakuna kumbukumbu. Mtu aliyewahi kuwa na jambo dogo lililokwisha kitambo cheti chake husema hakuna kumbukumbu iliyo hai, na ofisa wa uhamiaji mwenye macho anajua kwamba kuna kitu kililala chini. Sitaki kuhukumu kama hilo ni haki au si haki. Aliyewahi kufundisha Uingereza ajue tu kwamba tofauti ya neno moja itaonwa.

Sasa nyumbani. Kenya imerahisisha kwa kiasi kikubwa. Maombi ya cheti cha tabia njema hufanywa kwenye mtandao wa serikali, eCitizen, kwa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya vidole iitwayo C24, unakwenda Huduma Centre au makao makuu ya idara ya upelelezi, DCI, barabara ya Kiambu, na cheti ukakipakua baadaye. Aliye nje huitia vidole fomu hiyo kwenye ubalozi au kituo cha polisi cha huko aliko, kisha inasafiri mpaka Nairobi. Mtanzania aliye nje naye huchukuliwa vidole huko aliko na kadi kupelekwa kwa Jeshi la Polisi nyumbani. Rwanda wamepita njia tofauti: cheti hutolewa na ofisi ya mashtaka ya taifa, kwa mtandao wa Irembo, kwa namba ya kitambulisho. Mtu anaweza kuuliza kwa nini nchi zote zisifanye hivyo. Jibu ni majina. Ukitafuta Ali Juma Ali kwenye madaftari ya polisi wa pwani yetu utapata ukoo mzima, mwema na mwovu pamoja, na bila daftari la vitambulisho lililokamilika kidole ndicho kinachowatenganisha.

Majina yana mtego mwingine. Pasi inasema Fatuma Salim Mohamed, kadi ya Dubai ilimwandika Fatma Salem, chuo cha Marekani kilimwandika kwa jina la ukoo wa mume aliyekuwa naye wakati ule. Kwa mwanadamu ni mtu mmoja. Kwa ofisa wa viza ni wanawake watatu, na wawili kati yao hawana vyeti. Kiapo cha majina mbele ya wakili, kinachotaja kila namna jina lilivyowahi kuandikwa, ni bora kiandaliwe mapema kuliko kungoja barua ya kukataliwa.

Cheti kikishapatikana, kuna muhuri. Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 ulileta apostili, yaani uthibitisho mmoja unaotolewa na mamlaka ya nchi iliyotoa hati, ambao nchi nyingine wanachama zinaupokea bila kuuliza zaidi. Burundi iliingia 2015, Rwanda ikaanza kuutumia Juni 2024. Oman imo tangu 2012, Saudi Arabia tangu Desemba 2022, na China, iliyokuwa ikiwazungusha watu kutoka wizara hadi ubalozi, ilianza Novemba 2023. Nchi mojawapo kati ya hizo mbili, iliyotoa hati na inayoipokea, ikiwa haimo, hati inapita njia ya zamani: polisi, Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa nchi unayokwenda, kila dirisha na ada yake. Na hata kwenye apostili watu hukosea. Cheti cha FBI ni hati ya serikali kuu, kwa hiyo muhuri wake unatoka Wizara ya Mambo ya Nje mjini Washington, kwa dola 20. Kuna wanaokipeleka kwa ofisi ya jimbo kwa kuwa ipo karibu na rafiki yao, wanapewa muhuri mzuri wa kung'aa, na Korea inaukataa.

Haya yote yanakwenda na saa inayohesabu. Korea hutaka cheti kisichozidi miezi sita, na nchi nyingi zina ukomo wa namna hiyo. Mwalimu anayekusanya vyeti vinne kwa mpigo mmoja mara nyingi huona cha kwanza kinapitwa na wakati huku cha nne kikiwa bado njiani. Anayejua mchezo huanza na cha nchi iliyo ngumu, yenye posta na vidole, na cha nchi anayoishi hukiacha mwisho.

Hapo ndipo vishoka wanapopata riziki. Wapo kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa kila mji, wakiahidi cheti ndani ya siku tatu bila kidole kugusa wino. Bila kidole, kimelinganishwa na nini? Kwa hati ya kughushi Uingereza inaweza kumfungia mtu mlango miaka 10, na shule itakayomfukuza haitamwandikia barua ya kumtetea. Halafu kuna jambo ambalo vishoka hawalisemi: pale cheti kinaposhindikana kabisa, kwa sababu nchi imo vitani au haiwapi wageni waliokwisha kuondoka, sheria ya Uingereza inamruhusu mwombaji aeleze kwa maandishi na kuonyesha ushahidi kwamba alijaribu. Maelezo ya kweli yenye barua pepe za kukataliwa ni hati halali. Karatasi safi ya uongo ni kosa la jinai, na linakwenda kuandikwa kwenye daftari lilelile ulilotaka liwe tupu.

Je, karatasi hizi zinawalinda watoto? Kwa sehemu. William Vahey, Mmarekani, alihukumiwa California mwaka 1969 kwa kuwadhalilisha wavulana. Miaka mitatu baadaye alikuwa mwalimu Tehran, na kwa zaidi ya miaka arobaini alizunguka shule za kimataifa zikiwemo za Saudi Arabia, Indonesia, Venezuela na London, mpaka Machi 2014 alipojiua baada ya picha za wavulana kukutwa kwenye kifaa chake huko Managua, Nicaragua. FBI ilihesabu waathiriwa wasiopungua 90 katika picha hizo. Uchunguzi wa daftari la Uingereza usingeonyesha kosa la California. Kila nchi inaweza kusema ukweli kuhusu daftari lake, na bado mtoto akadhurika. Kwa hiyo madai ya cheti cha kila nchi, yanayotuudhi tukiwa kwenye foleni, yana sababu nzito. Lakini Neil mwenyewe, kabla ya Oktoba 2007, angeweza kuleta cheti safi cha Kanada, maana hakuwa amehukumiwa. Cheti kinamkamata aliyekwisha kukamatwa. Kwa wengine shule inabaki na kazi yake: kupiga simu kwa mwalimu mkuu wa zamani, si kusoma barua tu, na kuuliza waziwazi kama angemrudisha mtu huyu darasani.

Na sisi pia tuna watoto. Simon Harris, Mwingereza aliyewahi kufundisha katika shule moja ya Devon, aliendesha shirika la hisani lililoleta vijana wa kujitolea kwenye shule za Kenya. Desemba 2014 mahakama ya Birmingham ilimkuta na hatia ya kuwanajisi watoto wa mitaani wa Gilgil, na Februari 2015 akafungwa miaka 17 na miezi minne. Mwalimu Mkenya hasajiliwi na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, bila cheti cha tabia njema. Swali la kuwauliza wakuu wa shule zetu ni hili: mgeni anayekuja kujitolea kwa miezi mitatu, na begi la kalamu na mipira, mnamwomba nini? Uingereza ina cheti maalumu cha ulinzi wa watoto kwa raia wake wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje, kinachotolewa na hiyohiyo ACRO. Kukiomba si ukosefu wa ukarimu. Wao wanatuomba sisi kila siku.

Balozi zetu nazo zina la kufanya. Maofisa wanaposafiri kwenda miji ya mbali kushughulikia pasi na vitambulisho vya raia, wabebe na wino na kadi za vidole, na wawe na mtu aliyefundishwa kuzungusha kidole. Ni kazi ya dakika kumi kwa kila mtu, na itawaondolea walimu wetu safari ya kutafuta kituo cha polisi cha kigeni kitakachokubali kujaza fomu ya lugha kisichoijua.

Nawe mwalimu uliye nje, mkataba wako ukibakiza miezi miwili, nenda kaombe cheti cha polisi cha nchi hiyo kabla kitambulisho chako hakijafutwa. Baadhi ya balozi zitataka kilichotolewa baada ya kuondoka, na huenda ukalazimika kukiomba tena. Hata hivyo utakuwa na jalada lililofunguliwa, namba ya kumbukumbu, na jina lako likiwa limeandikwa sawasawa na pasi. Tunza nakala ya kila viza, kila kibali cha kazi na kila mkataba wa nyumba, kwa sababu siku ya kujaza fomu utaulizwa tarehe uliyoingia Dubai mwaka 2019, na pasi yenye muhuri huo utakuwa umeirudisha uhamiaji ulipochukua mpya.